Hukumu Iliyofungia Vitumbua

Mke wangu anasomea shahada ya umahiri ya sheria, ile ya jioni ambayo mtu huingia darasani mihula miwili, akaandika makala kwa kila somo, akafanya mitihani, ndipo aruhusiwe kuanza tasnifu. Iko njia nyingine ya kuandika utafiti mmoja mrefu tangu mwanzo hadi mwisho, wewe na msimamizi wako tu. Hiyo humfaa mwenye chumba chake na mlango wa kufunga. Ya darasani ina ratiba, na ratiba hata ikiwa ngumu, nyumba yenye watu wanaosikilizana huweza kuipokea. Tulikaa tukagawana. Binti yetu mkubwa akapewa kumwogesha mdogo wake na kukagua madaftari yake. Mimi nafundisha Jiografia sekondari na saa kumi jioni huwa nimerudi, nikachukua jiko siku za vipindi. Mama yangu mzazi, tunayeishi naye hapa Kimara, akabaki na kazi zake zote pamoja na zile ambazo hakuna aliyezitaja siku ile ya kugawana.

Mama anauza vitumbua. Mchana huloweka mchele, usiku huusaga na kuuchanganya na tui, hiliki na hamira, akauacha uumuke. Saa kumi alfajiri chuma kiko motoni, na watu wanaowahi mabasi ya mwendokasi ya kwenda mjini wakianza kushuka kilimani hukuta beseni limejaa. Vitumbua hivyo vimelipa ada. Mama yumo kwenye upatu wa akina mama wa mtaa, na zamu yake ilipofika alimkabidhi mkamwana wake bahasha nzima, ikawa awamu ya kwanza ya chuo. Mke wangu alitaka waandikishiane. Mama akakataa: "Mwanangu, tukianza kuandikishiana hili, itabidi tuandikishiane mengi."

Makala iliyotuletea mkasa ilihusu mgawanyo wa mali za ndoa. Mke wangu ni wakili katika kituo cha msaada wa kisheria, na swali hilo amekaa nalo mezani miaka mingi kabla ya kurudi darasani. Mwanamke anakuja, ndoa imevunjika, nyumba imeandikwa jina la mume, kiwanja kilinunuliwa kwa mshahara wa mume, na yeye hana karatasi hata moja yenye jina lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaiagiza mahakama iangalie mila za wanandoa, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi katika kuipata mali ile, madeni waliyoingia kwa manufaa yao wote, na mahitaji ya watoto wadogo. Kisha, baada ya kuyazingatia hayo, ielekee kwenye usawa. Lakini je, kupika, kufua na kulea ni kazi ya namna ile iliyokusudiwa na kifungu? Kwa miaka kadhaa majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wapo waliosema mke huyo alitimiza wajibu wake wa mke, basi. Wapo waliosema kazi ni kazi.

Jibu lilitolewa mwaka 1983 katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama za chini zilikuwa zimemnyima Bi Hawa, mama wa nyumbani, fungu lolote katika nyumba. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango unaostahili kuhesabiwa. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaijua hukumu hiyo. Wasio wanasheria wengi hawajui kilichofuata ndani ya hukumu ile ile: Bi Hawa hakupata kitu. Mumewe aliwahi kumpa fedha aanzishe mradi wa kuiingizia familia kipato, naye, kwa mujibu wa mahakama, akazitapanya. Na alichotapanya kikaonekana kimezidi fungu ambalo angestahili. Kanuni ikashinda na mwanamke akaondoka mikono mitupu. Hapo ndipo mke wangu alipotaka kuchimba. Fedha alizopewa Bi Hawa zilijulikana, zikatolewa kwenye hesabu. Miaka yake ya kupika na kufua ilipimwa kwa kipimo gani, hata ikasemekana imezidiwa?

Alichapisha hukumu, akachapisha na za nchi jirani, na pembeni mwa kila ukurasa akaandika kwa kalamu, kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha anayofikiria akiwa na mteja mbele yake. Hukumu za zamani zimeandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilirekebishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini darasa lake bado linaandika kwa Kiingereza, na yale ya pembeni yalikuwa daraja lake la kuvukia. Nakala ya hukumu mtu huweza kuipata tena, kwenye tovuti ya TanzLII au maktaba. Yale ya pembeni hayakuwa na nakala popote.

Makala ilitakiwa Jumatatu, kabla ya saa kumi jioni. Usiku wa kuamkia Jumapili, maji ya mgawo yalifunguliwa.

Anayeishi sehemu zetu anaelewa furaha ya kusikia maji yakipanda tankini saa nane usiku. Anaelewa pia boya ni kitu gani: kile kidude kinachoelea na kufunga valvu tanki likijaa. Boya letu lilikwama. Tanki liko juu ya zege la bafuni, likafurika, maji yakafuata ukuta yakaingia darini, na dari ya sebuleni ikaanza kuvuja sehemu nne kwa pamoja, kisha ubao mmoja wa dari ukalegea na kuanguka. Tuliamka kwa kishindo hicho. Umeme nao haukuwepo. Nilipanda juu na tochi ya simu kufunga koki, mke wangu akawa anabeba watoto kuwapeleka chumba cha Mama, na binti yetu mkubwa, akiwa ndiye aliyeziona kwanza karatasi za mama yake juu ya meza ya sebuleni, alizikumbatia akakimbia nazo hadi mahali pakavu alipopajua: kibanda cha uani cha vitumbua, juu ya rafu. Alifanya jambo sahihi kabisa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu siku ile mtoto alilia sana.

Mama hununua magazeti ya zamani kwa kilo ya kufungia vitumbua. Magazeti hayo yalikuwa sebuleni, nyuma ya kochi. Yalilowa yote. Alfajiri, giza bado, sisi tukiwa tunadeki na kukamua mazulia, Mama aliwasha jiko lake kama kila siku, wateja wakafika, akanyoosha mkono kwenye rafu akakuta karatasi kavu, safi, zimeandikwa upande mmoja. Alidhani mjukuu amemwekea kwa kuwa magazeti yamelowa. Kwa mwanga wa kibatari, na kwa Kiingereza asichokisoma, hazikutofautiana na karatasi za mitihani ninazoleta kutoka shuleni. Akafunga kitumbua cha kwanza.

Mke wangu alikwenda uani saa moja kuchukua karatasi zake. Beseni lilikuwa tupu. Rafu nayo ilikuwa tupu, isipokuwa kurasa chache za mwisho.

Hakupiga kelele. Aliketi kwenye kigoda cha Mama, na Mama alipoelewa kilichotokea alishika kichwa kwa mikono miwili, akasimama, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akasema, "Nawajua wote walionunua. Twende." Mama hukumbuka nani amechukua vingapi na nani amelipa. Akatuongoza nyumba kwa nyumba.

Jumapili asubuhi mtaa wetu uko nyumbani, na hiyo ilikuwa bahati. Kwa fundi cherehani tulipata karatasi mbili, zimeng'aa kwa mafuta lakini zinasomeka. Kijiweni, vijana wa bodaboda walikuwa wamezikunja na kuzitupa mtaroni. Wao wenyewe wakashuka kuziokota, wakazikung'uta, mmoja akazianika juu ya tangi la pikipiki yake. Nyumba moja mtoto alikuwa ameshatengeneza mashua. Dada mmoja anayepanga chumba nyumba ya kona alitukabidhi karatasi yake akiwa ameikunjua na kuinyoosha, na badala ya kutuaga akauliza, sauti ikiwa chini, kama maneno yale ya pembeni ni kweli. Mke wangu aliyasoma. Alikuwa ameandika kwamba mke hahitaji kuwa na risiti ili mchango wake utambuliwe. "Ni kweli," akamwambia, na wakasimama mlangoni wakiongea muda mrefu, huku mimi na Mama tukisubiri barabarani. Sikuuliza walichoongea.

Mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, tulimkuta barazani na miwani usoni, chai imepoa. Alikuwa na kurasa mbili zisizofuatana na amekasirika kwa sababu iliyo halali: hoja imekatwa katikati. Aliijua hukumu. Alisema miaka yake mahakamani aliona wanawake wengi wakifika na cheti cha baraza la usuluhishi mkononi, maana shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi kabla baraza halijashindwa kuwapatanisha, na wakiulizwa umechangia nini wananyamaza. "Si kwamba hawana la kusema, wakili," akamwambia mke wangu. "Hawajui kama hilo ndilo linaloulizwa." Alirudisha kurasa kwa sharti kwamba aletewe zilizobaki akimaliza kuzitumia. Alikuwa na kumbukumbu za mbali zaidi: mwaka 1961 kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilipofunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusoma sheria hapo, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Mama hakuwa amelisikia jina hilo. Alimwomba alitaje tena.

Ugumu ulikuwa kwa muuza mkaa. Ukurasa wake ndio uliokuwa na jedwali, kazi ya wiki nzima: njia za kupima kazi ya nyumbani, na chini yake hesabu alizozifanya kwa kila njia. Muuza mkaa alikuwa amekula kitumbua, akageuza karatasi, na upande mweupe akaandika madeni ya wateja. Upande wa hesabu ulikuwa umeloa mafuta yakachanganyika na vumbi la mkaa hadi wino haukusomeka.

"Shemeji, nisamehe," akasema, "lakini hii siwezi kuitoa. Hapa kuna watu wanaodaiwa, na daftari langu limejaa."

Nilitaka kubishana. Mke wangu akanigusa mkono. Alisema mfanyabiashara ana haki ya kumbukumbu zake, na kwamba ukurasa ule kwa upande wake wa pili ulikuwa ushahidi halali kuliko chochote kilichoandikwa upande wa kwanza. Akaupiga picha pande zote mbili, akamshukuru, tukaondoka.

Jioni umeme ulikuwa bado. Chaji ya kompyuta ilikuwa inakwisha, akaizima aihifadhi, akakaa na daftari chini ya taa ya sola kwenye meza ya jikoni, kwa kuwa sebule ilikuwa bado inanuka dari iliyolowa. Alijaribu kulijenga upya jedwali kwa kumbukumbu. Njia ya kwanza: ungemlipa nani kiasi gani afanye kazi hiyo. Ya pili: mwanamke huyu angepata nini kama angefanya kazi nje. Ya tatu: acha kupima, gawa nusu kwa nusu. Kenya, alieleza, ina Sheria ya Mali za Ndoa ya mwaka 2013 inayotaja waziwazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto na hata kuwa mwenzi wa mtu. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ikasema usawa wa haki haufanyi mgawo uwe nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja aoneshe alichochangia.

Mama alikuwa anapepeta mchele. "Hata kuwa mwenzi kunahesabiwa?"

"Kwa Kenya imeandikwa, Mama."

"Basi wamefikiri." Akaendelea kupepeta. Kisha akauliza kuhusu njia ya kwanza, ile ya mshahara, na akaikataa. Alisema mtu wa kuajiriwa akiumwa unamtafuta mwingine. Yeye akiumwa vitumbua havipikwi, ada haiendi, na hakuna anayeitwa. Njia ya pili pia hakuipenda: inamuuliza mwanamke angekuwa nani kama asingekuwa alipo, na hilo Mungu ndiye ajuaye.

"Sasa wewe ungepimaje?" mke wangu akamuuliza. Hakuuliza kwa heshima tu. Alikuwa ameshika kalamu.

Mama alichukua muda. Alisema marehemu Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, mshahara wake aliujua kwa sababu aliletewa mkononi. Na nyumba hii ilijengwa kwa mshahara huo, tofali kwa tofali, hakuna anayebisha. Lakini mshahara ule ulibaki wa kununulia tofali kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyekula hotelini. Hakuna aliyepeleka nguo kwa dobi. Mtoto alipougua hakuna aliyelipwa kukesha naye. "Alichokiweka akiba Baba yenu," akasema, "ni kile ambacho mimi nilihakikisha hakitoki. Ukitaka kunipima, usitafute nilicholeta. Tafuta ambacho hakikutoka."

Mke wangu aliacha kuandika akamtazama. Mimi pia. Nimekulia katika nyumba hii na sijawahi kuisikia hesabu hiyo, ingawa ndiyo iliyonilea. Kisha wakaanza kubishana kweli, sauti zikipanda, mchele umesahaulika. Wakili akauliza kitu ambacho hakikununuliwa kitathibitishwaje mbele ya hakimu, maana hakina risiti. Mama akajibu kwamba risiti haipo lakini chakula kilikuwepo. Wakili akasema hakimu hakukiona chakula. Mama akasema basi hakimu aende dukani akaulize unga ulinunuliwa na nani, na mkaa, na mafuta, mwaka hadi mwaka. Penye unga na mkaa kuna aliyepika.

Nilikuwa nimekaa na picha ya ukurasa wa muuza mkaa kwenye simu. Nikaikuza. Jina la nne kwenye orodha ya madeni lilikuwa la Mama, gunia moja, limelipwa nusu.

Usiku ule mke wangu hakulirudisha jedwali. Aliandika sehemu mpya kuhusu ushahidi. Hoja yake ilikuwa kwamba katika shauri la Bi Hawa fedha zilizotoka ziliweza kuonekana na zikahesabiwa dhidi yake, ilhali matumizi aliyoyazuia miaka yote ya ndoa hayakuwa na mtu wa kuyaonesha. Kanuni ilitambua mchango wake, kipimo kikauacha nje. Alieleza kwamba madaftari ya maduka ya mtaani ni kumbukumbu za biashara zinazoweza kuonesha nyumba iliendeshwaje. Sitasema makala mpya ilikuwa bora kuliko ile iliyopotea. Ile ya kwanza ilikuwa na hesabu, na hesabu zile zilikuwa nzuri, bado nazisikitikia. Umeme ulirudi saa tisa alfajiri akaanza kuchapa, na Mama, akiwa ameamka kwa ajili ya chuma chake, akawa anamletea chai. Siku ile vitumbua nilivifunga mimi, kwenye magazeti niliyokwenda kuyaomba kwa jirani usiku.

Steshenari ilikuwa na foleni, mashine ikakwama, ikakwamuka. Aliwasilisha kabla ya saa kumi.

Makala iliporudi ilikuwa na alama nzuri, na mwalimu wake alikuwa ameandika pembeni mwa sehemu ya mwisho kwamba hapo kuna tasnifu. Alimtaka ajibu maswali mawili kwanza: daftari la muuza duka litakidhi vipi masharti ya Sheria ya Ushahidi, na je, mwanamke ambaye mumewe ndiye aliyekuwa akitumwa dukani atapotea tena katika hesabu? Swali la pili limemsumbua mke wangu kuliko la kwanza. Karani mstaafu anaona ndilo linaloiangusha hoja nzima. Huja Jumamosi, ananunua kitumbua, anakaa kumwambia hivyo. Mama anasema aliyetumwa ameandikwa kwenye daftari, na aliyemtuma yuko hai aulizwe. Mwalimu, nasikia, hajaegemea upande wowote.

Mke wangu amewasilisha pendekezo la utafiti na anasubiri kupangiwa msimamizi. Muuza mkaa amekubali madaftari yake ya zamani yasomwe, kwa makubaliano ya maandishi kwamba majina ya wateja hayatatajwa. Mama peke yake amesema lake liandikwe.